Vitenzi vya Maduhu

Nyuma ya duka langu la vipuri vya pikipiki hapa Kalangalala, mjini Geita, kuna nyumba waliyopanga mafundi wa Kihindi, watu wa mitambo. Hatujuani sana. Tunasalimiana wakipita kununua vocha, basi. Lakini mchana mmoja, mwaka huu huu, mpishi wao alitupa jira, ile bizari nyembamba, kwenye mafuta ya moto dirisha likiwa wazi, na mimi nilikuwa nimeshika cheni ya mteja mkononi, nikasimama kama niliyeitwa.

"Vipi mama, umeona mtu?" mteja akaniuliza.

Nikamwambia hapana, ni harufu tu. Lakini nilikuwa nimemwona mtu. Nilimwona mama yangu ameketi kwenye mkeka wetu kule Kahama, amefumba macho, midomo inatafuta neno, na mimi mbele yake juu ya gunia la pumba, miguu haifiki chini, nimeinua kipande cha boksi na kumsubiri kama mwalimu mkali.

Wenzangu mliokua upande huu mnajua Kahama ya wakati ule ilivyokuwa, nusu mji nusu majaruba ya mpunga. Baba alikuwa mchimbaji mdogo. Alishinda kwenye mashimo upande wa Geita, na alipokuja nyumbani vumbi lilikuwa limemwingia hadi kwenye kope. Mama alichagua mchele kwenye mashine ya kukoboa ya mzee mmoja wa Kihindi. Wanawake walikaa chini ya paa la bati, kila mmoja na ungo wake, wakipepeta, wakitoa chuya na mawe, na pumba ilitua kwenye nywele zao mpaka wote wakaonekana wazee. Nikitoka shule nilipita hapo kumchukua mdogo wangu Maduhu, ambaye mama alimlaza pembeni juu ya magunia.

Maduhu alikuwa na midomo ya mtu aliyekula zambarau, hata msimu wa zambarau ukiwa umepita. Kucha zake pia. Tukitoka pale kwenda nyumbani alitembea kidogo, akachuchumaa. Akapumzika, akainuka, akatembea kidogo, akachuchumaa tena. Mimi niliamini anapenda sisimizi. Sikuona sababu nyingine ya mtoto kuinama kila baada ya nyumba mbili. Basi na mimi nikawa nachuchumaa naye, namwonyesha njia yao, namtafutia wale wakubwa wanaobeba mbawa za kumbikumbi, na nikakereka kwamba mtu anayependa sisimizi kiasi kile hawatazami vizuri. Alikuwa anapumua tu. Aliniachia nizungumze, yeye anapumua.

Hospitali ya Mwanza ikasema moyo wake una tundu na mishipa haikukaa mahali pake, na kwamba apelekwe India. Ng'ombe wa babu waliuzwa, kanisa likachanga, ndugu wakachanga. Hayo yalipita juu ya kichwa changu kama mazungumzo yote ya watu wazima. Kilichonifikia kilikuwa kimoja. Mama anakwenda na Maduhu, mimi nabaki.

Mwenye mashine alikuwa na mke, na sote tulimwita Mama Anita. Aliletwa Kahama akiwa bibi harusi, akazaa binti mmoja, binti akaolewa mbali, na yeye akabaki ghorofani juu ya mashine na jiko lake lililonukia jira tangu asubuhi. Alishuka mara chache. Akishuka, wanawake walimwamkia bila kuacha kupepeta. Siku aliposikia habari za Maduhu alishuka akiwa na unga mikononi.

"Mama Nyamizi," alimwita mama kwa jina langu, "nasikia unakwenda India."

"Shikamoo mama. Ni kweli, Mungu akipenda."

"Marahaba. Kihindi unajua?"

Wanawake wakacheka. Mama naye akacheka kidogo. "Kiswahili chenyewe nilikikuta shuleni, mama. Kwetu ni Kisukuma."

Mama Anita hakucheka. "Daktari atakuwa na mkalimani. Lakini daktari anasimama kwako kidogo, anaondoka, na mkalimani anaondoka naye. Anayeshinda na wewe ni nesi, na yule mama anayepiga deki wodini. Hao watakuuliza kwa Kihindi."

"Wataniuliza nini?"

"Alikula? Alikunywa? Alilala? Alitapika? Alikojoa?" Alikunja kidole kwa kila swali, na unga ukawa unadondoka. "Kila asubuhi, hayo hayo. Nikufundishe hayo. Mengine utayakuta huko huko."

Ndipo zikaja kadi. Mama Anita alikata maboksi ya majani ya chai kwa mkasi wa kushonea, vipande vya ukubwa wa kiganja. Upande mmoja alichora, upande wa pili aliandika neno la Kihindi kwa herufi zetu. Hakuwa mchoraji. Mtoto wa "alikula" alikuwa na mdomo mkubwa kuliko bakuli, na wa "alitapika" tulimgeuza huku na huku kabla ya kuelewa kichwa kiko wapi. Mama akawa anapanda ghorofani baada ya kazi, anafundishwa kutamka, kisha anashuka na kadi ndani ya kitambaa cha kichwa. Kazi ya kumsikiliza nyumbani ikawa yangu, kwa kuwa nilisoma haraka kuliko yeye.

Na mama yangu alikuwa na akili ya peke yake. Alilitafutia kila neno mahali pa kulitundika. "Alikula" ni *khaya*; mama akasema hilo ni rahisi, kwa Kisukuma kaya ni nyumbani, na nyumbani ndipo mtu anapokula. "Alilala" ni *soya*. Basi mtoto aliyekunywa uji wa soya akishiba hulala. "Alikunywa" ni *piya*, alikula na pia alikunywa. "Alikojoa" ni *susu kiya*, na hilo halikuhitaji pa kutundika, maana Maduhu alilicheka mpaka akakohoa, na siku nzima akawa anatuarifu kila mara, hata alipokuwa hajakwenda popote. Baba alipokuja kutoka machimboni akatukuta, akasimama mlangoni na buti zake.

"Mama Nyamizi, huko unakwenda kutibisha mtoto au kufanya mtihani?"

"Vyote viwili," mama akajibu bila kufumbua macho. "Nyamizi, inua nyingine."

Niliinua. Nilifurahi, mwanzoni. Ilikuwa mara ya kwanza mama kunihitaji kwa kitu kisichokuwa maji wala kuni. Lakini kadi zilivyozidi kuwa nyingi, nikaanza kuona zinavyofanana. Alikula. Alilala. Alilia. Alicheka. Aliketi. Zote zilikuwa hivyo. Hapakuwa na "atakula." Hapakuwa na "analala." Nilizipanga sakafuni mama asipokuwepo, nikatafuta hata moja ya kesho, sikuiona.

Lazima niwaeleze kwamba mwaka uliotangulia tulikuwa tumemzika bibi, mama yake baba. Alipokuwa hai watu walisema bibi anapenda ugoro, bibi ana maneno, bibi hataki kuku waingie ndani. Siku ya msiba wote wakageuza midomo yao pamoja, kama walioambiana. Bibi alipenda ugoro. Bibi alikuwa na maneno. Bibi hakutaka kuku waingie ndani. Mimi nilikaa katikati ya kanga za akina mama, nikasikia lile "ali" likirudi na kurudi, nikajua kwamba hivyo ndivyo mtu anavyowekwa kaburini, hata kabla ya udongo.

Sasa mama yangu alikuwa anajifunza kumsema Maduhu hivyo hivyo, kwa lugha ya kule wanakokwenda. Nikaelewa, kwa akili yangu ya darasa la tatu, kwamba watu wazima wanajua asichokijua Maduhu. Wanajua hatarudi. Mama anajiandaa na maneno ya msiba kabla ya msiba, kwa kuwa huko hatakuwa na ndugu wa kumsaidia kuyasema.

Sikumwambia mtu. Usiku nilimsikiliza Maduhu akipumua, mchana niliinua kadi. Mpaka jioni moja mama akaja na kadi mpya, akanipa bila kuitazama. Ilikuwa na mchoro wa mtoto ameonyesha mgongo, anaelekea kwenye mstari uliochorwa kwa rula. Nyuma yake pameandikwa *gaya*. Alikwenda.

"Inua," mama akasema, amefumba macho.

Sikuinua.

"Nyamizi, inua, giza linaingia."

"Siinui."

Akafumbua macho. Nilikuwa nimeikalia ile kadi. Akauliza nina nini, kwa sauti ya kawaida, ya mtu aliyechoka, na hiyo kawaida yake ndiyo iliyonivunja. Nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia ukutani: "Maduhu hajafa! Yupo hapo! Mbona unamsema kama bibi? Hajafa!"

Maduhu mwenyewe alikuwa mlangoni na kipande cha muwa. Akatutazama, akaacha kutafuna.

Nilitegemea kofi, au kukumbatiwa, havikuja. Mama alibaki ameketi mikono imelala mapajani, uso wake umefungwa kama duka, na nikaona kwamba nimesema kitu ambacho naye alikuwa anakikwepa. Baadaye aliinuka, akakoka moto, akapika. Lakini kesho yake nilipofika mashineni kutoka shule, alinishika mkono, akanipandisha zile ngazi za ghorofani ambazo sikuwahi kuzikanyaga.

Jikoni kwa Mama Anita jira ilikuwa kwenye mafuta. Mama akaniambia, "Sema ulichoniambia jana." Nikasema, nikitazama vidole vya miguu yangu. Habari za bibi, habari za "ali," na kwamba hakuna kadi ya kesho hata moja.

Mama Anita akashusha sufuria. Akavuta kigoda, akaketi mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. Alikuwa na harufu ya jira na ya poda ya kunukia.

"Bibi yako alipokufa," akasema, "kuna mtu aliyeuliza kama alikunywa uji asubuhi ile?"

Nikafikiri. "Hapana."

"Kuna aliyeuliza kama alilala vizuri?"

"Hapana."

"Aliyekufa haulizwi kama alikula. Nesi atamuuliza mama yako, 'Khaya?' kwa sababu mtoto yupo pale kitandani na anataka kumpa tena. Siku wasipomuuliza, hapo ndipo mama yako aogope." Kisha akamtazama mama badala yangu. "Na ile kadi ya *gaya* ni ya choo. Nesi anauliza kama alikwenda choo kikubwa. Nilishindwa kuchora choo."

Mama alitoa sauti ambayo sikuijua, kicheko kilichokwama njiani. Akafunika mdomo kwa kanga, mabega yakatikisika. Nami nikacheka, kwa kuwa ilikuwa ni kuhusu choo, na nilikuwa mtoto.

Kuanzia hapo nilikuwa mwalimu asiye na huruma. Niliinua kadi mama akisonga ugali, nikainua akifua, nikamvizia akitoka kuoga. Nilizichanganya ili asizifuate kwa mpangilio. Niliona kwamba kila neno litakaloingia kichwani kwake ni swali moja zaidi ambalo Maduhu ataulizwa, na anayeulizwa yupo. Wiki ya mwisho mama hakuhitaji tena kufumba macho.

Wakaondoka kwa basi la Mwanza asubuhi na mapema. Baba aliwasindikiza hadi uwanja wa ndege, mimi nikabaki na shangazi. Maduhu alikuwa amevaa sweta jipya lililomzidi mikono, na alikuwa na hasira kwa sababu dirisha lake halifunguki. Hatukuagana vizuri. Nimeshaona kwamba watu wanaoagana vizuri ni wale wasioogopa.

Mama alipiga simu kila alipoweza, na baba, aliyekuwa amerudi tukae pamoja, aliweka spika tukakusanyika kwenye kile kisimu kama kwenye moto. Mama alisema joto la huko ni kama la hapa, chakula kina pilipili, na kwamba jana na kesho wanaziita kwa neno moja. "Nikimuuliza nesi operesheni lini, ananiambia *kal*. Inabidi nimtazame usoni nijue ni ipi."

Halafu simu zikanyamaza. Baba hakwenda machimboni. Alikaa uani akinoa sururu ambayo haikuwa butu. Shangazi alipika michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ikalala sufuriani. Nilitaka kumuuliza baba kama kuna habari, lakini niliogopa atakavyoanza sentensi. Alipoipokea simu hatimaye, alisikiliza kwa muda mrefu akiwa ametugeuzia mgongo, kisha akasema, "Analia? Analia kwa nguvu?" na akachuchumaa pale pale uani, mkono mmoja ardhini. Mtoto alikuwa ametoka chumba cha upasuaji na analia. Sijawahi kusikia kitenzi kizuri kuliko hicho.

Yaliyotokea baadaye wodini mama alituhadithia nyumbani, polepole, kwa vipande, akimenya viazi. Asubuhi moja mkalimani hajafika, nesi mpya akaja na maswali yake, ya haraka, kama mtu anayemwaga mtama. Mama akadaka moja tu, lile la *susu*. Akajibu, "Susu nahin kiya." Hakukojoa. Nesi akatikisa kichwa, akaendelea kuandika. Mama akaona hakueleweka, au ameeleweka nusu. Akamshika mkono wa gauni.

"Soya," akamwambia. "Piya. Piya. Susu nahin kiya." Alilala, alikunywa, alikunywa tena, hakukojoa.

Nesi akaweka kalamu chini. Akamgusa Maduhu tumbo, akamgusa miguu iliyoanza kujaa, akatoka kwa mwendo wa haraka, akarudi na daktari. Walimwekea dawa kwenye dripu. Jioni ile Maduhu alilowesha shuka mpaka godoro, na mama na nesi, watu wasiojuana majina, wakashikana mikono juu ya kitanda kilicholowa wakishangilia kama waliofunga goli.

Mama hakusema kamwe kwamba maneno yale ndiyo yaliyomponya mtoto. Alisema madaktari walikuwa hodari na wangeligundua tu. Alichosema ni kwamba aliogopa sana, lakini hakuogopa kama bubu.

Walirudi mpunga ukiwa umevunwa. Maduhu aliteremka kwenye basi na midomo ya rangi ya midomo. Nilisimama mbele yake nikaona aibu, kama nimeletewa mtoto wa watu. Yeye akaniuliza kama nilimlia muwa wake.

Siku ya tatu au ya nne mama akatupeleka sote wawili kwa Mama Anita. Aliweka mezani kifurushi cha peremende za maziwa alizomletea, na kikapu cha michembe yetu. Mama Anita alimpandisha Maduhu juu ya kiti, akamfungua vifungo, akaupitisha mkono juu ya kovu bila kuligusa. Akamfunga vifungo vyote, hadi cha shingoni. Kisha akaketi.

"Sasa niambie. India iko vipi?"

Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa hajaiona tangu mama yake mzazi alipofariki, na kwamba hapakuwa tena na mlango wa kugonga kule kwao. Wakati ule nilishangaa tu kwamba Mhindi anamuuliza mama yangu habari za India.

Mama akaanza kwa Kiswahili, watu walivyo wengi, ng'ombe wanaovuka barabara. Mama Anita akatikisa kichwa.

"Kwa Kihindi."

"Nitakosea, mama."

"Kosea."

Mama akafumba macho, kama kwenye mkeka wetu. "Main gaya," akasema. Nilikwenda. Akatafuta tena. Aliona. Alikunywa chai. Alisikia mvua, mvua kubwa, juu ya bati la jengo la jirani, usiku kucha. Maneno yalikuja moja moja, kila moja limesimama peke yake kama kuku kwenye mvua hiyo hiyo, na Mama Anita aliyasikiliza macho yamefumbwa pia, kichwa kimeegemea ukuta. Alikuwa mtu wa kusahihisha. Siku ile aliacha kila kosa lipite.

Mama akafika mahali akasimama. Nilidhani neno limempotea, nikawa tayari kumtajia. Halikuwa limepotea.

"Main roya," akasema.

Maana yake ni "nililia." Mimi, niliyemwinulia kadi ile mara nyingi kuliko zote, sikuwahi kuwaza kwamba ingeweza kumhusu yeye. Sikumwona akilia Mwanza waliposema tundu, wala asubuhi ya basi.

Mama Anita akafumbua macho. "Royi," akasema taratibu. "Mwanamume ni *roya*. Mwanamke ni *royi*. Kadi zote nilizokukatia zilikuwa za mtoto wa kiume, Mama Nyamizi. Sikukukatia hata moja ya kwako."

"Royi," mama akarudia.

"Main bhi," Mama Anita akasema. "Main bhi royi." Mimi pia.

Wakabaki hivyo, mikono ya mmoja ndani ya mikono ya mwingine juu ya meza, kati ya peremende na michembe. Maduhu akanivuta sketi.

"Wanasema nini?"

"Wanasema walilia."

"Lini?"

"Kitambo," nikamwambia, ingawa machozi ya wote wawili yalikuwa bado yanashuka.